Mgonjwa wa mapafu katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania: aepushwe moshi upi kwanza?

Familia ikishaelezwa hospitalini kwamba mzee wao ana ugonjwa sugu wa mapafu na hatakiwi kukaa kwenye moshi, wakirudi nyumbani swali la kwanza huwa la jiko. Tununue la gesi? Jiko banifu? La umeme? Ni swali zuri na nitalifikia. Lakini kwa mtu ambaye mapafu yake yameshaharibika kuna swali linalopaswa kutangulia: tangu anapoamka mpaka anapolala, mgonjwa wetu anavutia moshi wapi, na kwa saa ngapi?

Sababu ya kuanzia hapo haiko mbali na sisi. Ukivuka mto Songwe kule Kyela unaingia wilaya ya Karonga, Malawi. Huko, na katika wilaya ya Chikwawa kusini mwa nchi hiyo, watafiti walizipa maelfu ya kaya zenye watoto wadogo majiko ya kuni yenye feni, yanayounguza vizuri na kutoa moshi kidogo. Kaya nyingine ziliendelea na mafiga. Matokeo yalipotolewa mwishoni mwa 2016, watoto wa pande zote mbili walikuwa wameugua nimonia kwa kiwango kile kile. Utafiti ule ulihusu watoto na nimonia, hivyo hauwezi kuhamishiwa kwa wazee wenye vifua sugu mzima mzima. Ila maelezo yaliyotolewa yanatugusa: majiko yaliharibika, na hata yalipokuwa yanafanya kazi watu waliendelea kuvuta moshi wa taka zinazochomwa, wa sigara, wa majirani, na vumbi. Jiko lilibadilika, lakini hewa anayoivuta mtu siku nzima haikubadilika vya kutosha.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa. Wanaoambiwa wana kifua sugu hawaumwi kitu kimoja. Kuna pumu, ambapo njia za hewa hubana na kuachia. Kuna ugonjwa ambao madaktari huuita COPD: njia za hewa zimesinyaa, vifuko vidogo vya hewa vimeharibika, na kilichoharibika hakirudi. Kuna makovu yanayobaki baada ya mtu kupona TB. Amemaliza dozi, vipimo havioni tena vijidudu, lakini bado anakohoa na anahema akipanda kilima kidogo tu. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimeshiriki, pamoja na vituo vya Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, katika mradi wa TB Sequel unaochunguza madhara ya aina hiyo. Na kuna vumbi la mawe linalotua mapafuni mwa wanaochimba na kusaga mawe ya dhahabu, ambalo likishaweka makovu halitolewi kwa dawa yoyote.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, COPD iliua watu takriban milioni 3.5 mwaka 2021. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa huo hutokana na tumbaku. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, tumbaku huhusika na asilimia 30 hadi 40, na moshi wa nyumbani ni chanzo kikubwa. Ndiyo maana bibi wa Makete ambaye hajawahi kushika sigara anaweza kuwa na mapafu yanayofanana na ya mvutaji wa miaka mingi. Natamani kila mwanafamilia alijue hili, maana inauma kuona mwanamke aliyepikia watoto wake maisha yote akiulizwa kwa shaka kama alikuwa anavuta kwa siri.

Halafu kuna mwinuko. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini mita 1,600 hivi, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Kwenye mita 1,700 mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mtu mwenye afya aliyezoea huku hahisi chochote. Mwenye COPD hana akiba ya kuchezea, na moshi ambao ndugu yake wa Dar es Salaam angeustahimili, yeye huku unaweza kumlaza kitandani.

Kinachoumiza zaidi ndani ya moshi ni chembechembe laini zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele mmoja ni mnene zaidi ya mara 20 ya chembe hiyo. Pua haizizuii, na kikohozi hakizitoi zote. Zinafika kule ndani oksijeni inakoingilia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa siku nzima usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Jikoni kwa kuni, ndani ya nyumba, kiwango huhesabika kwa mamia, na kinaweza kufika maelfu moto unapowashwa.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuseme jiko la mama lina mikrogramu 600 kwa wastani, na anakaa humo saa nne kwa siku. Saa 20 zilizobaki yuko kwenye hewa ya mikrogramu 24, ya uani na mtaani. Wastani wake wa siku ni 120. Familia inanunua jiko banifu linalopunguza moshi kwa nusu: wastani unashuka hadi 70. Ni hatua, lakini bado ni zaidi ya mara nne ya kiwango kinachopendekezwa. Sasa chukua familia ambayo haikununua kitu. Jiko ni lile lile la 600, ila mama anakaa humo nusu saa tu kwa siku, na kazi iliyobaki wameichukua wengine. Wastani wake ni 36 hivi. Wakifanya yote mawili, unakuwa karibu 30.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kumtoa mgonjwa kwenye moshi kunaleta nafuu kubwa kuliko kuupunguza moshi huku yeye bado amekaa ndani yake, na hakugharimu pesa. La pili, jikoni kukishatulia, kinachobaki ni hewa ya nje, na hiyo hakuna jiko utakalonunua wewe peke yako litakaloisafisha.

Huku kwetu kuna ugumu ambao vijitabu vingi vya afya havigusi: moto wa jikoni haupo kwa ajili ya chakula peke yake. Kuanzia Juni mpaka Agosti, Makete, Njombe, Mufindi na Rungwe, baridi inapenya mifupa, na jikoni ndipo wazee wanapoota moto. Babu anaingia alfajiri, anaketi kwenye kigoda karibu na mafiga, anatoka jua likishapanda, na jioni anarudi mpaka usingizi unapomkamata. Yeye hapiki, na daktari akimuuliza kama anapika atajibu hapana, lakini kwa siku anaweza kuwa amevuta moshi wa saa tano. Juu ya moto huo huo kuna mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa yapate moshi yasibunguliwe. Kuna sufuria ya maji ya kuoga. Kwa anayepika pombe ya komoni, kuna pipa linalochemka saa nyingi na mtu amesimama juu yake anakoroga. Familia ya namna hii ikinunua mtungi wa gesi, chai itahamia kwenye gesi na moto utabaki pale pale, kwa sababu gesi haioteshi mtu moto wala haikaushi mbegu.

Kwa hiyo anza na joto la mzee. Sweta, kofia, soksi nzito na blanketi la pili vinaweza kumfaa mwenye COPD kuliko jiko jipya, kama ndivyo vitakavyomtoa jikoni. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga au taulo, ikiwekwa miguuni, inashika joto kwa muda mzuri. Jua likitoka, aote jua kwenye ukuta uliokingwa upepo. Na ikiwa hawezi kabisa kuacha kuota moto, basi moto uwe nje au kwenye banda lililo wazi, kuni ziwe kavu na zimepasuliwa, na kigoda chake kiwe upande upepo unakotokea. Kijana anaweza kumwambia kwa heshima, "Babu, karibu upande huu, moshi unakwenda kule," na akakihamisha kila upepo unapogeuka.

Tazama pia kuta za nyumba. Nyumba nyingi kuta za ndani hazifiki juu. Kati ya ukuta na bati kuna uwazi. Mlango wa jikoni unaweza kufungwa vizuri sana, na moshi ukapita juu ukatua chumbani kwa mgonjwa. Ukitaka kujua, panda kwenye kiti chumbani kwake na upitishe kidole juu ya ukuta. Kikirudi cheusi, hayo ni masizi, na analala nayo. Ziba uwazi huo kwa mbao, turubai au udongo, na upande wa jikoni uache tundu kubwa la juu la kutolea moshi nje. Kama nyumba inaruhusu, mgonjwa apewe chumba kilicho mbali zaidi na jiko.

Inakuwa ngumu zaidi mgonjwa anapokuwa ndiye mpishi, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Mama amekatazwa moshi, karudi nyumbani, na saa kumi na moja jioni kila mtu anamtazama yeye kuhusu ugali. Hapa sioni njia ya kuzunguka: mtu mwingine apike, na mtu huyo anaweza kuwa baba, au kijana wa kiume aliyemaliza kidato cha nne. Mama anaweza kuchagua mchele, kumenya viazi na kukata mboga akiwa barazani, na akaendelea kuwa mwenye jiko bila kuvuta moshi wake. Siku ambayo hakuna mwingine, moto uwashwe na jirani au mtoto mkubwa, yeye aingie ukishashika, kwa sababu dakika za kuwasha na dakika za kufifia ndizo zenye moshi mchafu zaidi. Maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe muda wote. Kila robo saa iliyopungua jikoni ni robo saa ya hewa safi.

Sasa lile la jiko. Gesi hutoa chembechembe kidogo mno ukilinganisha na kuni na mkaa, na umeme hautoi moshi wa nishati kabisa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, lakini mgonjwa hana muda wa kusubiri takwimu ya taifa. Kama familia ina uwezo wa mtungi mdogo wa kilo 6 na lazima udumu, ushauri wangu ni kuutumia kwa zile kazi zinazomlazimisha mgonjwa kuwa karibu na moto: uji, chai ya alfajiri, kupasha chakula, maji ya kunywea dawa. Kande na maharage yaende kwenye kuni, nje. Wenye umeme wasiogope jiko la presha la umeme. Nusu kilo ya maharage kwa kawaida haimalizi hata uniti moja ya umeme. Jiko banifu la kujengwa lenye bomba la moshi linalopita juu ya paa ni bora kuliko lile la kubebeka lisilo na bomba, mradi bomba lisafishwe na lisitoe moshi kwenye dirisha la chumba cha kulala.

Mkaa unastahili onyo la peke yake. Watu huupenda kwa sababu hauonyeshi moshi, na usiku wa baridi wanaingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu mzima wa afya anaweza kufa usingizini. Mwenye mapafu mabovu, ambaye oksijeni yake imeshapungua kwa ugonjwa na kwa mwinuko, anaanza safari hiyo akiwa katikati. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata kama linaonekana limekuwa majivu. Mkaa mbadala nao ni mkaa katika jambo hili.

Kuna moshi mdogo mdogo ambao hatuuhesabu. Utafiti uliotolewa 2003 ulikuta koili moja ya dawa ya mbu ikiungua mpaka mwisho inatoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Kwa ndugu zetu wa Kyela na Usangu, chandarua kinamfaa mgonjwa kuliko koili. Koroboi inatoa masizi meusi karibu kabisa na pua ya anayesoma au kushona, na taa ndogo ya sola inaimaliza kabisa. Sigara isivutwe ndani ya nyumba yenye mgonjwa wa mapafu, wala dirishani, na mgonjwa mwenyewe kama bado anavuta, kuacha ndiyo tiba kubwa kuliko yote niliyoyaandika hapa. Taka za plastiki zisichomwe uani. Zungumza na jirani pia, kwa upole. Wengi hawajui kwamba kuna mtu anahangaika kupumua upande wa pili wa ua.

Nje, muda wa siku una maana kubwa. Jiji la Mbeya limekaa bondeni, safu ya Loleza upande mmoja na milima ya Uporoto upande mwingine. Usiku wa kiangazi hewa baridi hushuka kutoka milimani na kulala chini, na hewa yenye joto zaidi inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa majiko ya jioni na ya alfajiri, wa matanuru ya matofali na wa malori hauna pa kwenda mpaka jua lipashe ardhi. Ndiyo ile hali ya ukungu wa kijivu unaoonekana asubuhi ukiwa umesimama Uyole au Iyunga. Mgonjwa aliyeambiwa afanye mazoezi ya kutembea asiende saa kumi na mbili asubuhi kwa kudhani hewa ya alfajiri ndiyo safi. Msimu wa baridi, saa nne mpaka saa sita mchana kwa kawaida ni afadhali. Kuanzia Agosti upepo wa mchana unainua vumbi, na Septemba na Oktoba mashamba yanachomwa kabla ya mvua. Siku hizo atazame mwenyewe: milima ikifichika kwa moshi au vumbi, abaki ndani na madirisha ya upande huo yafungwe.

Barabara kuu ya kwenda Zambia ni suala la umbali. Malori yanayopanda Mlima Nyoka au Kitonga yanatoa moshi mzito, na Ipogolo, pale barabara inapovuka Ruaha Mdogo, hali ni ile ile. Uchafu wa magari hupungua sana ukisogea mita 150 mpaka 300 kutoka barabarani. Mwenye genge kwenye soko la Mwanjelwa, Mbeya, hawezi kuhamisha soko, lakini anaweza kutafuta sehemu ya ndani zaidi, na anapokwenda kliniki akapita njia ya mtaani badala ya kusubiri daladala kwenye kituo cha barabara kuu. Kwa wanaofanya kazi kwenye viwanda vya mbao Mafinga, mashine za kusaga nafaka au makarasha ya Chunya yanayosaga mawe ya dhahabu, kumwagia maji kabla ya kufagia au kuchoronga kunazuia vumbi lisiruke. Mtu mwenye makovu ya vumbi la mawe akiendelea na kazi ile ile, nafasi yake ya kubaki na mapafu inapungua kila msimu. Naijua njaa inayomrudisha kule, lakini ukweli huo lazima aambiwe.

Barakoa: ya kitambaa haizuii chembe laini kwa kiasi cha maana. Ya N95 iliyobana vizuri usoni inachuja asilimia 95, ila inaongeza kazi ya kupumua, hivyo mwenye COPD kali amuulize daktari kwanza. Na hakuna barakoa ya namna hii inayozuia hewa ya sumu ya mkaa.

Yote haya yanakwenda sambamba na dawa. Dawa ya kuvuta kwa pampu isiachwe kwa sababu moshi umepungua, na ivutwe vizuri. Asiyeweza kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja anaweza kutengenezewa kifaa cha chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu, njia iliyopimwa Afrika Kusini kwa watoto wenye pumu na ikafanya kazi vizuri. Muuguzi akuonyeshe. Na siku ya kliniki, mpelekee daktari orodha ya moshi wote wa wiki hiyo: nani alipika, mzee aliota moto saa ngapi, nani anachoma nini jirani. Makohozi yakiongezeka au yakibadilika rangi, au mtu akianza kuhema kuliko kawaida yake, msisubiri siku ya kliniki. Midomo ikiwa ya bluu, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.